Mama Giza na Mstari Usiopanda

Saa nane na dakika tano mchana, jua la nje linachoma mpaka lami inalainika, lakini ndani ya chumba cha mwisho, ghorofa ya pili ya kliniki ya macho, mtu haoni hata kidole chake mwenyewe. Mlango umefungwa. Pazia zito jeusi limeshushwa hadi sakafuni, na ile taa ndogo ya kijani ya mashine imezibwa kwa utepe mweusi. Sauti ya mwanamke inasema: "Haya, dakika ishirini zinaanza sasa. Usiwe na wasiwasi, sijaenda popote."

Anayesema ni mpimaji wa chumba hiki, mwanamke wa miaka arobaini na tisa ambaye wenzake wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mganga mkuu, wanamwita Mama Giza. Kazi yake ni kukaa gizani na watu. Anakaa nao mpaka macho yao yalizoee giza, kisha anawamulikia mimweko ya mwanga, na mashine inachora jinsi retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inavyoitikia. Kwa siku anapima watu watano, sita wakifika kwa wakati.

"Watu wakisikia nashinda gizani mchana kutwa wanadhani nalala," anasema, na kicheko chake kinatokea upande mwingine kabisa wa chumba. Ameshahama bila kugusa kiti wala meza. "Lala wewe! Hebu jaribu kumwekea mtu uzi kwenye jicho ukiwa na kitochi chekundu kisichomulika hata ukurasa, ndiyo utajua."

Uzi anaousema ni uzi kweli, mwembamba kuliko unywele, unaopitisha umeme. Unalazwa juu ya kope la chini hadi uguse jicho. Ukiteleza kidogo tu mchoro mzima unaharibika, na mtu anaanzishwa upya.

Lakini leo aliyeketi kwenye kiti si mgonjwa wa kila siku. Ni mdogo wake, tumbo moja, fundi saa wa miaka thelathini na mitano.

"Nimepima zaidi ya watu elfu kumi kwenye kiti hiki," anasema. "Na huyu alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo kabisa. Huyu ndiye niliyemharibia."

"Hukuniharibia, dada," sauti ya kiume inajibu kutoka kitini.

"Nyamaza wewe, unapumzisha macho."

"Macho ndiyo yanapumzika. Mdomo sijaambiwa."

Mama Giza aliingia kliniki hii akiwa mfagizi. Miaka kumi na moja iliyopita mashine ilipoletwa, vijana wawili walipewa kazi ya kuiendesha, na wote wawili iliwashinda. Mmoja alisema giza linambana kifua. Mwingine alisinzia akaanguka na kiti chake, mgonjwa akapiga kelele mpaka watu wakaja mbio. Yeye alikuwa koridoni anapiga deki. Akasimama na ndoo yake mkononi, akamwambia mzee aliyekuja kufundisha mashine, "Mimi naweza."

Mzee alimtazama juu mpaka chini, akacheka, kisha akampa sharti. Angepata kazi kama angeleta michoro mitatu safi ndani ya wiki moja. Na kila mchoro uliomshinda auchape kwenye karatasi pia, aangalie kosa lake kwa macho yake.

Mchoro safi unafahamika upesi. Mwanga ukimweka, mstari unashuka kwanza, halafu unapanda juu sana, halafu unatulia. Mama Giza anaviita bonde na mlima. Bonde huchorwa na seli za kwanza za retina, zile zinazopigwa na mwanga wenyewe. Mlima huchorwa na seli za pili, zinazopokea habari kutoka kwa zile za kwanza na kuzisukuma mbele kuelekea kwenye ubongo.

Hakuwa na wagonjwa wa kujifunzia, kwa hiyo akawavuta ndugu na majirani. Jirani yake alitoa mchoro safi. Shangazi yake alitoa mchoro safi, japo alisali kwa sauti kipimo kizima. Akabaki wa tatu, akamchukua mdogo wake.

Mstari wake ulishuka vizuri tu. Kisha haukupanda.

Akarekebisha uzi, akarudia. Bonde, hakuna mlima. Akabadilisha waya. Bonde, hakuna mlima. Mara ya tatu akachapa karatasi kama alivyoagizwa, akaandika pembeni kwa kalamu: *Mdogo wangu, jaribio la tatu.* Mzee akaitupia jicho mara moja tu. "Uzi umeteleza," akasema. "Futa, tafuta mtu mwingine." Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya sharti.

"Nikafuta kila kitu kwenye mashine. Halafu nikamgeukia huyu mdogo wangu, nikamfokea," Mama Giza anasema. Sauti imeshuka. "Nikamwambia umepepesa macho makusudi, unataka nirudi kwenye ufagio. Akaniuliza, 'Dada, kwani macho yangu ni mazima?' Nikamwambia ni mazima, tatizo lako hutulii. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtoto wa mama yangu."



Kazi aliipata. Mtu wa tatu akawa muuza magazeti wa getini, na mlima wake ulikuwa mrefu hadi ukakaribia kutoka nje ya karatasi.

Mdogo mtu naye alirudi kwenye kibanda chake cha saa, chumba chembamba chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, na maisha yakaendelea. Ana miwani mizito, lakini akishika saa anaivua. Vitu vya mbali vinampiga chenga, vya karibu anaviona kuliko mtu yeyote mtaani. Anaweza kuokota skurubu ndogo kama punje ya mchanga bila kuikosa. Ila saa kumi kamili jioni anafunga, mvua inyeshe jua liwake, hata mteja awe amesimama mlangoni anabembeleza.

Watu hawakumwelewa. Wateja walimwita mvivu. Ndugu walimwita mwoga, kwa sababu hakuwahi kuonekana kwenye shughuli yoyote baada ya jua kuzama, na akionekana alikuwa anajikwaa kwenye viti na kukanyaga miguu ya watu, wakasema amelewa. Yeye hajawahi kuonja pombe.

Lililovunja udugu lilikuwa msiba wa baba yao. Wageni walikuwa bado wanaingia, kuni hazijapasuliwa, na mtoto pekee wa kiume akachukua koti lake akaondoka jua likiwa bado juu ya mapaa. Hakumuaga mtu.

"Sikusema naye miaka miwili," anasema Mama Giza. "Nilimkasirikia mpaka nikiona saa ya ukutani inanikera. Nikasema huyu hana haya, hana uchungu na baba yake."

"Giza likiingia nisingeweza kurudi nyumbani," mdogo wake anasema taratibu. "Njia ilikuwa na mtaro. Na ningesemaje? Kwamba mimi mtu mzima nashikwa mkono kama mtoto?"

"Ungesema tu."

"Nilidhani unajua, dada."

Mama Giza anasema zimebaki dakika nne.

Hajui kusoma vitabu vya udaktari, anasema, lakini jambo moja la mwilini analijua kama anavyoijua njia ya nyumbani, na alilijua miezi miwili tu iliyopita. Siku hiyo alikuwa anampima mshonaji mmoja wa kike, binti mtulivu aliyelalamika kwamba jioni haoni kitu. Mstari ukashuka, haukupanda. Akarudia. Akarudia tena. Akanyoosha kidole afute, na daktari mpya wa kliniki, mwanamke mwenye umri wa kuwa mwanawe, akamshika mkono.

"Mama, usifute. Uzi uko sawa."

Ndipo akaelezwa, na yeye sasa anamweleza kila anayetaka kusikia, bila kujali kama ana muda.

Seli za kwanza za jicho zina tabia ya ajabu. Gizani hazipumziki. Zinamwaga kemikali moja iitwayo glutamati, mfululizo, kama bomba lililoachwa wazi. Mwanga ukiingia, zinafunga bomba. Yaani habari ya kwamba kumekucha haiji kwa kelele, inakuja kwa kunyamaza.

Sasa nani atasikia kitu kilichonyamaza? Kazi hiyo ni ya kipokezi kilichopo kwenye zile seli za pili. Kipokezi hicho kikiendelea kuonja glutamati, kinaizuia seli yake isifanye lolote. Glutamati ikikatika, kinaachia, na seli inaamka na kupeleka habari mbele. Hapo ndipo mlima unapochorwa.

"Wewe ukiishi jirani na mashine ya kusaga, mngurumo wake huusikii tena," Mama Giza anafafanua. "Lakini ikizimwa ghafla unashtuka, unauliza kulikoni? Basi kile kipokezi ndicho kinachoshtuka. Wapo watu waliozaliwa hawana, au wanacho lakini hakifanyi kazi. Mwanga unafika salama, seli ya kwanza inanyamaza kama inavyopaswa, na seli ya pili haina habari. Imekaa tu."

Mchana watu hao wanaona, kwa sababu mwanga mkali una njia nyingine, yenye vipokezi vya glutamati vya aina tofauti. Mwanga hafifu wa jioni unategemea sana njia ile iliyokatika. Daktari alisema hivyo akamaliza, akaenda kumwita mgonjwa mwingine. Mama Giza alibaki ameshika meza.

"Roho ilinipiga pa! Nikaona ile karatasi. Nikaona mtaro, koti, msiba wa baba. Nililia humo humo gizani, na nashukuru kulikuwa giza."

Jioni ile alikwenda mbio kibandani, akafika saa kumi kasorobo. Alimkuta mdogo wake amekaa na saa mbele yake, amefumba macho, anaifungua kwa vidole. Mlangoni palikuwa na kibao: *Kibanda kinauzwa pamoja na vifaa.*

"Unafanya nini, baba?" alimuuliza.

"Najizoeza, dada. Yakizima, vidole viwe vimeshajua."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba mdogo wake aliishi miaka yote akingoja upofu kamili. Alihesabu hatua za kutoka nyumbani hadi kazini. Alikataa kuoa, asije akamtwika mtu mzigo. Mnunuzi wa kibanda alikuwa amepatikana tayari, na walikubaliana kukabidhiana mwisho wa mwezi huu. Mama Giza alimsihi aje apimwe upya, akakataa. Alisihi wiki ya pili na ya tatu. Wiki ya saba akapeleka chakula, akakaa mlangoni akagoma kuondoka hata saa kumi ilipopita, na kwa kuwa alikuwa ameziba njia, fundi saa akakubali shingo upande.

"Yeye ana kichwa kigumu," fundi saa analalamika.

"Tumezaliwa nyumba moja," anajibiwa.

Dakika ishirini zimetimia. Kitochi chekundu kinawaka, hafifu, kinaonyesha vidole viwili na ncha ya uzi. Uzi unalazwa mara moja tu, hauguswi tena. Mmweko wa kwanza ni dhaifu sana, na mashine inachora mstari ulionyooka. Fundi saa anauliza kama wameanza. Mimweko inaongezwa nguvu. Kisha unakuja mkali, chumba kizima kinakuwa cheupe kwa kufumba na kufumbua.

Mstari unashuka. Haupandi.

Mama Giza anajishika uso kwa mikono miwili. Halafu anapapasa mashine na kubonyeza, safari hii ili kuhifadhi.

Saa kumi na moja kasoro robo, dada na mdogo wake wako katika ofisi ya yule daktari mpya. Matone ya kupanua mboni yamemfanya fundi saa aukwepe mwanga wa dirisha kwa kiganja. Daktari amemchunguza nyuma ya jicho na kuona pasafi. Ameuliza mengi kuhusu utoto wake. Anasema mchoro huu na historia hii vinaelekea kwenye kasoro ya kuzaliwa nayo, ile ya kipokezi cha glutamati au ya visaidizi vyake, na kwamba damu itapelekwa maabara ili ijulikane ni ipi hasa.

Fundi saa ana swali moja tu. "Yatazima lini?"

"Kasoro ya aina hii kwa kawaida haiendelei, kaka. Inabaki ilivyo," daktari anasema. "Lakini yapo magonjwa mengine yanayoweza kuchora mstari unaofanana, na hayo yanaendelea. Ningekuwa na kipimo chako cha miaka ya nyuma nilinganishe, ningekwambia kwa moyo mmoja. Rekodi haipo."

Mama Giza anatazama sakafu. "Haipo kwa sababu niliifuta," anasema. "Mimi."

Fundi saa anavua miwani, anaiweka juu ya meza, na kuingiza vidole kwenye mfuko wa shati. Anatoa karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama kibiriti, kingo zake zimeoza kwa mafuta ya saa.

Ili kuelewa karatasi hiyo inabidi kujua mazoea yao wawili. Zile karatasi za majaribio za wiki ya kwanza, za ndugu na majirani, Mama Giza hakuzitupa. Alizifunga bunda akampelekea mdogo wake, kwa sababu fundi saa huhitaji karatasi laini za kukunjia skurubu na vigurudumu. Michoro mingi iliishia hivyo, imekuwa vifuko vidogo kwenye droo.

"Nilikuwa nazikunja, naziangalia," fundi saa anasema. "Mimi kazi yangu ni kulinganisha vitu vidogo. Ya shangazi ina mlima. Ya muuza magazeti ina mlima. Zote zina mlima. Yangu haina. Nikasema basi, hivi ndivyo macho yanayokufa yanavyochorwa. Na wewe ndiye mwenye mashine, dada. Nikajua unajua, unanificha kwa huruma. Ndiyo maana sikuuliza tena."

"Miaka kumi na moja?" Mama Giza anasema. "Umekaa na hiyo miaka kumi na moja?"

"Ningekwenda nayo wapi?"

Daktari anaikunjua taratibu. Ukingoni mwandiko bado unasomeka: *Mdogo wangu, jaribio la tatu*, na tarehe. Anauliza kama kipimo kilikuwa kile kile, na Mama Giza anaitikia: mashine ile ile, mmweko ule ule, karatasi ya ukubwa ule ule. Daktari anasimama, anaweka karatasi ya leo juu ya kioo cha dirisha, kisha anailaza ya zamani juu yake, jua likipenya zote mbili.

Anasogeza kidogo kushoto. Bonde linaingia ndani ya bonde. Pale palipopaswa kuwa na mlima, mistari miwili inakwenda pamoja mpaka mwisho wa karatasi, na huwezi kujua upi ni wa kijana wa miaka ishirini na minne na upi ni wa leo.

"Haijasogea," daktari anasema. "Damu tutaipima, hilo liko pale pale. Lakini miaka kumi na moja, kaka, haijasogea hata kidogo."

Fundi saa anasogea hadi pua inakaribia kugusa kioo. Macho yanamtoka machozi kwa sababu ya mwanga, na si kwa mwanga peke yake. Anaangalia muda mrefu, kama anavyoangalia saa ya mteja kabla ya kusema bei.

"Kwa hiyo kile kibao," anasema hatimaye, "nikishushe?"

"Ukishushe!" dada yake anapiga kelele, mpaka muuguzi anachungulia mlangoni. "Ukishushe leo leo, na huyo mnunuzi nitaongea naye mimi!"

Mipango ya Mama Giza ni mingi jioni hii, na anaitoa yote kwa mkupuo. Mwezi ujao wapimaji wapya wawili wanaletwa kwake kujifunza, na ameshaandika kwa herufi kubwa karatasi ya kubandika juu ya mashine: *Kabla hujafuta, muulize mtu jioni anaonaje.* Anataka kuitisha ndugu wote, mchana, awaeleze habari ya glutamati hata kama hawataki, na habari ya siku ya msiba. Anataka kuanza kwa kusema kosa lilikuwa lake. Mdogo wake anamwambia asitie chumvi, wamwite tu aseme mwenyewe.

Wanapotoka ofisini ni saa kumi na mbili. Koridoni taa bado hazijawashwa, na ngazi za kushuka zimeshaanza kuwa za kijivu. Siku nyingine zote, saa hizi, fundi saa huwa amejifungia ndani.

Anasimama juu ya ngazi. Amezihesabu wakati wa kupanda, ni kumi na nne, na mguu wake tayari umeanza kuitafuta ya kwanza kwa kupapasa. Kisha anaurudisha.

"Dada," anasema, "mimi hapa sioni kitu. Nishike mkono."

Mama Giza anamshika.